Bingwa Aliyerudi Darasa la Kwanza: Habari za Yehudi Menuhin, Mpiga Fidla

Mwalimu wetu wa muziki ameniomba niandike katika sehemu yetu ya Kiswahili habari za mpiga fidla mmoja aliyesifika duniani kote. Nilikubali kwa furaha na kwa hofu pia. Furaha, kwa kuwa maisha ya bwana huyu yana mafunzo mengi. Hofu, kwa kuwa siwezi kuyaeleza mafunzo hayo kwa ukweli bila kutaja aibu yangu mwenyewe, ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho. Nitaitaja mahali pake. Kwanza tujifunze.

FIDLA NI CHOMBO GANI?

Sisi wa Uganda twaijua endingidi. Ni kigogo kilichotobolewa, mdomo wake mmoja umewambwa ngozi, kijiti kimepitishwa ubavuni, na uzi mmoja tu umevutwa toka juu hadi chini. Mpigaji huusugua uzi huo kwa upinde mdogo. Ukiijua endingidi, umekwisha kuujua ukoo wa fidla. Na wale waliosikiliza taarabu ya Unguja wamekwisha kuisikia sauti yake, kwa maana vikundi vya taarabu huitumia.

Fidla ina nyuzi nne badala ya mmoja. Uso wake ni wa mbao nyepesi ya jamii ya msonobari, na mgongo wake ni wa mti mgumu zaidi. Upinde wake umefungwa manyoya ya mkia wa farasi, nayo hupakwa ulimbo mkavu ili yashike uzi na kuutikisa. Mafundi waliosifiwa kupita wote waliishi katika mji wa Cremona, Italia, na mkubwa wao alikuwa Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737. Fidla zake nyingi zingali zikipigwa mpaka leo.

Sasa lishikeni jambo hili moja, maana habari zote zinazofuata zimesimama juu yake. Gitaa lina vipande vya chuma shingoni vinavyoonyesha mahali pa kuweka kidole. Fidla haina alama hata moja. Uzi wake uitwao A, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika mara 440 kwa sekunde. Ukiubana katikati hasa, hata sehemu inayotikisika ikawa nusu ya urefu wake, hutikisika mara 880, na sauti huwa ile ile lakini ya juu. Ukiubana hata ikabaki theluthi mbili, utapata sauti ya tano ya ngazi, yaani so ukianzia do. Urefu wote wa uzi unaotikisika ni sentimita 33 hivi. Basi kidole kikikosea kwa milimita moja au mbili tu, kila mwenye masikio atajua.

Kwa hiyo mpiga fidla hana budi kupajua kila mahali kwa mkono wake mwenyewe, gizani sawasawa na mchana. Ndiyo sababu wapiga fidla hupanda na kushuka ngazi za sauti kila siku, do, re, mi, fa, mpaka juu na kurudi. Halafu huruka daraja, do, mi, so, do. Zoezi hilo la kuruka daraja huitwa arpejio. Mazoezi haya hayapendezi kuyasikiliza. Ni kama kukariri jedwali la kuzidisha. Lakini asiyelijua jedwali la kuzidisha, hesabu zake zote ni za kubahatisha.

UTOTO WAKE

Yehudi Menuhin alizaliwa New York, Marekani, tarehe 22 Aprili 1916. Wazazi wake, Moshe na Marutha, walikuwa Wayahudi waliozaliwa katika dola ya Urusi, na kazi yao ilikuwa kufundisha Kiebrania. Husimuliwa kwamba kabla mtoto hajazaliwa walikwenda kutafuta nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba, akidhani anawapendeza, akawaambia kuwa yeye hapokei Wayahudi. Wakaondoka zao. Ndipo mama akaapa kuwa mtoto wake atapewa jina la kumtambulisha mbele ya watu wote. Akaitwa Yehudi, maana yake Myahudi.

Mtoto alipokuwa bado mdogo sana, jamaa hiyo ilihamia San Francisco, upande wa magharibi wa Marekani. Wazazi walipenda muziki, nao walikwenda naye kusikiliza okestra ya mji. Huko alimsikia Louis Persinger, aliyekuwa kiongozi wa wapiga fidla wa okestra hiyo. Mtoto akaomba vitu viwili: apewe fidla, na afundishwe na yule bwana. Rafiki mmoja wa nyumbani akamletea fidla ya kuchezea, ya bati. Mtoto akaipiga, akaona haiimbi, akaitupa chini akalia. Baadaye bibi yake alituma fedha, ikanunuliwa fidla ya kweli, ndogo ya kumfaa mtoto.

Alianza kwa mwalimu aitwaye Sigmund Anker, kisha akapokewa na Persinger mwenyewe. Shuleni hakusoma kama sisi, bali alifundishwa nyumbani pamoja na dada zake wawili, Hephzibah na Yaltah, ambao wote wawili walikuja kuwa wapiga piano. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alikuwa amekwisha kupiga mbele ya watu.

Persinger alimfundisha kwa njia ya kumwonyesha. Mwalimu alipiga, mtoto akasikiliza, kisha mtoto akaiga, na jambo likawa. Ngazi za sauti hazikutiliwa mkazo. Kwa nini kumchosha mtoto kwa ngazi, na hali anaweza kupiga kazi za watu wazima?

SIKU YA BRUSSELS

Persinger alikuwa amefundishwa na mpiga fidla mkubwa wa Ubelgiji, Eugène Ysaÿe. Yehudi alipokuwa na umri wa miaka 10 jamaa yake ilisafiri kwenda Ulaya, naye akapelekwa Brussels nyumbani kwa mzee huyo, huenda akawa mwanafunzi wake. Mtoto akapiga kazi kubwa ya Lalo, iliyo ngumu hata kwa mtu mzima. Mzee akafurahi. Kisha akamwomba jambo dogo: apige arpejio ya A, toka chini hadi juu kabisa.

Mtoto hakuweza. Vidole vilipapasa juu ya nyuzi kama mtu atafutaye kiberiti gizani. Mzee akamshauri kwamba ingemfaa kufanya mazoezi ya ngazi na arpejio.

Wasomaji wenzangu, lipimeni jambo hili. Mtoto anaweza kupiga kazi nzima iliyojaa ngazi na arpejio za kila namna, lakini akitakiwa kupiga arpejio moja peke yake, anashindwa. Ni kama mtu asomaye kitabu kizima bila kusita, halafu akiulizwa herufi moja moja, hazitambui. Alikuwa ameupokea wimbo mzima mzima kwa sikio, wala hakujua umejengwa kwa nini.

Yehudi hakutaka kubaki kwa mzee huyo. Alikwenda Paris kwa George Enescu, Mromania, aliyekuwa mpiga fidla na mtungaji, naye alimpenda na kumheshimu maisha yake yote. Shauri la Brussels likawekwa kando.

SIFA ZA DUNIA

Na kwa nini lisiwekwe kando? Kila mlango ulifunguka. Mwezi wa Februari 1927 alipiga Paris pamoja na okestra, watu wakastaajabu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, akiwa na miaka 11, alipiga koncheto ya Beethoven katika jumba la Carnegie Hall, New York. Koncheto ni kazi ndefu ambayo chombo kimoja hupigwa mbele ya okestra nzima, mara kikijibizana nayo, mara kikiachwa peke yake. Kiongozi wa okestra, Fritz Busch, alisita kwanza. Aliona kuwa kazi ya Beethoven si ya mtoto. Alipomsikia akakubali.

Tarehe 12 Aprili 1929, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 13, alipiga koncheto tatu kwa usiku mmoja mjini Berlin, moja ya Bach, moja ya Beethoven na moja ya Brahms, na okestra iliongozwa na Bruno Walter. Mwaka huo huo tajiri mmoja wa New York, Henry Goldman, alimpa zawadi ya fidla iliyotengenezwa na Stradivari mwaka 1733. Mwaka 1932 huko London alitiwa katika sahani ya santuri koncheto ya Edward Elgar, na mtungaji mwenyewe ndiye aliyeiongoza okestra. Mzee alikuwa na miaka 75, kijana 16. Santuri hiyo inasikilizwa mpaka leo. Nimeisikiliza mwenyewe kwa kompyuta ya maktaba yetu, na masizi ya miaka mingi hayakuizima sauti ile.

Lilipokuja vita kuu la pili alipiga mbele ya askari na wagonjwa zaidi ya mara 500. Mwezi wa Julai 1945, pamoja na Benjamin Britten kwenye piano, alikwenda Bergen-Belsen, Ujerumani, akawapigia watu walionusurika katika kambi ya mauti. Mwaka 1947 alirudi Ujerumani kupiga pamoja na kiongozi Wilhelm Furtwängler, akiwa Myahudi wa kwanza kati ya wapigaji wakubwa kufanya hivyo baada ya vita. Wayahudi wengi walimkasirikia. Yeye aliona kuwa lazima mtu mmoja aanze kupatana.

Hata bara letu la Afrika alilifikia. Mwaka 1950 alipokuwa akizunguka Afrika Kusini aliwapigia Waafrika huko Sophiatown, Johannesburg, katika kanisa la Padre Trevor Huddleston, ingawa waliomleta nchini hawakupenda apige bure mahali kama pale. Miaka mitano baadaye serikali ya ubaguzi ilianza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu na kuzibomoa nyumba zao.

KUANGUKA

Lakini waliokuwa wakimpigia makofi miaka hiyo hawakujua yaliyokuwa moyoni mwake. Mkono wa upinde ulikuwa umeanza kumkataa. Alipokuwa mtoto, mkono ulifanya kazi wenyewe kama mguu utembeavyo. Sasa alikuwa mtu mzima, mwili umebadilika, safari na vita vimemchosha, na kile kilichokuja chenyewe kikaanza kuondoka chenyewe. Upinde ulitetemeka mahali ulipotakiwa utulie. Akitafuta sababu, haioni. Angeionaje? Hakujua tangu hapo kwanza alikuwa akifanyaje.

Zawadi tuliyopewa bila kuijua siri yake ni kama nyumba ya kuazima. Siku mwenyewe akiitaka, huna hoja.

AIBU YANGU

Hapa sina budi kusema habari zangu. Wala sijifananishi na bwana huyu kwa ustadi, hata kidogo. Najifananisha naye kwa kosa tu.

Babu yangu alipiga endingidi katika arusi za kijijini kwetu, nami nilijifunza kwake nikiwa mdogo. Nilipofika kidato cha tatu mwalimu alifungua kabati la muziki akanionyesha fidla mbili kuukuu zilizoachwa na mwalimu mmoja wa zamani. Baada ya majuma mawili nilikuwa nikipiga nyimbo za kanisani kwa kusikia tu. Watu wakasema ni kipaji. Mimi nikaamini. Mwalimu aliniambia kila Jumamosi, "Mwanangu, ngazi." Nami nilimjibu, "Ndiyo, mwalimu," kisha nikapiga nyimbo.

Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, nilipangwa kupiga fidla peke yangu mwanzo wa wimbo, kisha kwaya iingie. Wimbo huo niliujua kwa ngazi ya A, na katika ngazi hiyo sauti nyingi hupatikana kwa nyuzi zisizobanwa. Asubuhi ile waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa na mafua. Mwalimu akasema, "Tutashuka nusu hatua, tuwapunguzie mzigo. Utaweza?" Nikajibu kama desturi yangu, "Ndiyo, mwalimu."

Nusu hatua tu! Lakini kwenye fidla nusu hatua ile ilinifungia karibu kila mlango nilioujua. Nyuzi nilizozitegemea hazikufaa tena, na kila sauti ilitaka kidole mahali ambapo kidole changu hakijapata kupakanyaga. Nilipiga sauti nne, ya tano ikalia kama paka aliyekanyagwa. Nikarudia. Ikawa vile vile. Kinanda kikaingia kunisitiri, kwaya ikaimba, nami nikasimama mbele ya watu wote hao, upinde mkononi, mpaka ubeti wa mwisho.

Mzee mmoja wa wanafunzi wa zamani alinishika bega mlangoni akaniambia, "Pole, mwanangu, ndiyo kujifunza." Sikuweza kumjibu. Nikairudisha fidla kabatini, na muhula mzima sikuigusa.

Kilichonirudisha si ushujaa. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza alinijia nilipokuwa nikifua nguo, akaniamkia, akasema, "Kaka, nataka kujifunza fidla. Unajuaje mahali pa kuweka kidole?" Nikamjibu, "Unasikia tu." Akanitazama akingoja maneno mengine. Sikuwa nayo. Mimi nitaondoka shuleni mwisho wa mwaka huu, na fidla si yangu, ni ya shule. Lazima aipokee mtu. Nikaona kwamba naweza kumkabidhi kijana yule chombo, lakini sina kitu cha kumkabidhi pamoja nacho. Jioni ile nikaenda kwa mwalimu nikamweleza. Hakunikaripia. Alinisimulia habari ya Brussels.

KURUDI DARASA LA KWANZA

Basi Menuhin alifanya nini? Angeweza kuacha. Alikuwa na sifa na fedha, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alianza upya. Alisoma vitabu vya walimu wa fidla, akajiuliza maswali ambayo mwanafunzi wa kwanza huuliza. Kidole gumba hushika upinde wapi, na kwa nini? Bega hufanya kazi gani? Uzito wa upinde hutoka mkononi au mgongoni? Pumzi je?

Mwaka 1952 alikwenda India kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Huko Bombay alikutanishwa na mwalimu wa yoga, B. K. S. Iyengar. Yoga ni mafundisho ya Kihindi ya zamani, na sehemu yake moja ni mazoezi ya kuuweka mwili na pumzi katika utaratibu. Walipangiwa kuonana kwa dakika chache tu. Wakakaa saa tatu na zaidi. Iyengar hakuwa mpiga fidla, lakini alijua jinsi mtu anavyobeba uzito wa mwili wake, na jinsi misuli inavyokazana bila sababu. Menuhin akawa mwanafunzi wake kwa miaka mingi. Mwaka 1954 alimwalika Uswisi, akampa saa ya mkono iliyochongwa maneno ya kumsifu kuwa ndiye mwalimu wake bora wa fidla.

Wasomaji wapenzi, tazameni unyenyekevu huu. Mtu aliyefundishwa na Enescu, aliyepiga chini ya Bruno Walter, anamwita hivyo mtu asiyepiga fidla. Na kweli ilikuwa hivyo, kwa kuwa huyo ndiye aliyemfundisha jambo alilolikosa tangu utoto, yaani kujua anafanyaje. Kuuliza si ujinga.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalirudi kama zamani. Wajuzi wengi husema kuwa upinde wake haukuupata tena daima ule wepesi wa ujana, na kwamba siku nyingine alipiga vizuri sana, siku nyingine sivyo. Aliyapiga mengi baada ya hapo. Alipiga na Mhindi Ravi Shankar, bingwa wa sitar, na Mfaransa Stéphane Grappelli, bingwa wa jazi, akikubali kuwa mwanafunzi katika muziki wa wenziwe. Lakini faida kubwa ya kurudi kwake darasa la kwanza haikuonekana katika mkono wake mwenyewe. Ilionekana kwa wengine.

ALICHOKIACHA

Mwaka 1963 alianzisha Uingereza shule ya watoto wenye kipaji cha muziki, iitwayo Yehudi Menuhin School, ambayo mwaka uliofuata ilihamia Stoke d'Abernon, Surrey. Humo watoto hujifunza muziki na masomo mengine pamoja. Mmojawapo wa waliosoma huko ni Nigel Kennedy, aliyekuja kuwa mpiga fidla maarufu.

Mwaka 1971 alitoa kitabu cha mafunzo sita ya fidla. Na fidla haiji kwanza. Huanza mwili: kusimama, kupumua, kuzungusha mikono, kulegeza mabega. Ndipo upinde, ndipo chombo. Yule mtoto aliyeshindwa kuonyesha arpejio moja alikuwa sasa ameweza kuigawa kazi nzima ya fidla vipande vipande, hata mtu mwingine akaweza kuvishika.

Mwaka 1977 alisaidia kuanzisha chama cha kuwapeleka wanamuziki vijana kupiga katika hospitali, magereza na nyumba za wazee. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 1985, na mwaka 1993 akafanywa Lord. Alifariki Berlin tarehe 12 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka 82. Akazikwa katika uwanja wa shule yake, karibu na mahali watoto wanapopanda na kushuka ngazi za sauti.

NENO LANGU LA MWISHO

Nimeandika habari hizi kwa ajili ya wote, si wapiga fidla tu. Katika darasa letu kuna mwenye kipaji cha hesabu, aonaye jibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali. Ndugu yangu, jizoeze kuandika hatua zote, hata kama jibu umekwisha kuliona. Kuna mwenye kipaji cha Kiingereza, anenaye vizuri kwa kusikia tu. Uliza kwa nini sentensi ile ni sahihi. Ukitaka kujijua kama umelishika jambo, mtafute mdogo wako wa kidato cha kwanza umfundishe. Akikuuliza "kwa nini?" nawe ukajibu "ndivyo ilivyo," rudi ukasome, maana siku itafika ambapo wimbo utashushwa nusu hatua.

Nanyi msio na kipaji kinachoonekana, msikate tamaa mkiwaona wenzenu wakienda mbio. Njia mnayoipita ninyi kwa jasho ndiyo hiyo hiyo aliyoirudia Menuhin akiwa mtu mzima, tena mbele ya dunia nzima. Ninyi mnaipita mapema, na hakuna awatazamaye.

Tangu muhula wa kwanza naamka kabla ya kengele, naenda chumba cha muziki pamoja na yule kijana, yeye na fidla moja, mimi na nyingine. Twapiga ngazi peke yake, polepole. Wanaolala bweni la karibu wamelalamika, nao wana haki, nawaomba radhi hapa. Ngazi ile iliyoniaibisha ndiyo twaanza nayo kila siku. Kijana ameniuliza maswali mengi, na yale nisiyoyajua twayapeleka kwa mwalimu pamoja. Mwezi uliopita alipiga ngazi hiyo toka chini hadi juu bila kukosea, na mimi bado nakosea mara moja moja. Sikuona wivu. Niliona furaha ambayo sikuiona siku zile nilipokuwa nikisifiwa.

Mwezi wa Desemba nitamkabidhi fidla. Mkutano wa wanafunzi wa zamani utakuwa kabla ya hapo, na mwalimu amekubali tupige wote wawili wimbo ule ule wa mwaka jana. Ngazi ataichagua yeye asubuhi ile ile, wala hatatuambia kabla. Nimejibu, "Ndiyo, mwalimu," na safari hii nimejibu baada ya kufikiri.

Kwenu ninyi wanafunzi wa zamani nina ombi moja dogo. Uzi mwembamba kuliko wote, uitwao E, hukatika mara kwa mara, na kabatini umebaki mmoja. Mwenye nafasi ya kutununulia nyuzi, na amletee mwalimu wa muziki. Na yule mzee aliyenishika bega mlangoni, kama anasoma maneno haya, naomba aje tena. Safari hii nitaweza kumjibu.